Barghash bin Said: Sultani aliyeleta treni, umeme na maji ya bomba Zanzibar kwa mali iliyotoka hadi Uvira

Wengi hudhani kwamba treni ya kwanza ya Afrika Mashariki ilianzia Mombasa mwaka 1896, Waingereza walipoanza kujenga reli ya kwenda Uganda. Ukweli ni kwamba miaka 15 kabla ya hapo, kisiwani Zanzibar, tayari kulikuwa na mtu aliyeagiza injini ya mvuke kutoka Uingereza ili imvute kutoka mjini hadi kwenye jumba lake la mapumziko. Mtu huyo hakuwa mkoloni wala mfanyabiashara wa Kizungu. Alikuwa Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888.

Treni ilikuwa moja tu kati ya mitambo aliyoipenda. Katika miaka 18 ya utawala wake, Barghash aliingiza Zanzibar maji ya bomba, taa za umeme, kiwanda cha uchapishaji, mtambo wa kutengeneza barafu na merikebu za mvuke. Alijenga pia jumba ambalo wenyeji, kwa kushangazwa nalo, waliliita Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu.

Kwa msomaji wa Sange, Kiliba au Uvira mjini, habari hii si ya mbali kama inavyoonekana. Kiswahili kinachozungumzwa leo kando ya Ruzizi kilifika huku kwa njia ya misafara iliyotoka pwani ya Sultani huyo. Pembe za ndovu zilizolipia sehemu ya maajabu yake zilivushwa katika Ziwa Tanganyika. Na watu waliouzwa katika biashara hiyo walitoka pia katika nchi hizi.

Ndiyo maana maisha ya Barghash yanafaa kusimuliwa upya, hasa kwa vijana ambao katika vibanda vya mafundi redio na simu kando ya barabara ya kitaifa namba 5 hushinda wakifungua vyombo ili kujua vinafanyaje kazi. Ni habari ya mtu aliyependa teknolojia kwa dhati, ya gharama iliyolipwa na wengine, na ya mitambo iliyonyamaza siku mwenyewe alipoondoka.

Mtoto wa mfalme aliyekosa subira

Barghash alizaliwa katika miaka ya 1830, mmoja wa watoto wengi wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Zanzibar. Mama yake alikuwa suria kutoka Uhabeshi. Katika ukoo wa Al-Busaidi, mtoto wa suria alikuwa na haki sawa na ndugu zake, lakini kuwa mtoto wa mfalme hakukumhakikishia mtu kiti.

Oktoba 1856, Sayyid Said alifariki akiwa safarini baharini kutoka Oman. Barghash, aliyekuwa naye melini, alirudisha maiti ya baba yake Unguja na kuizika usiku, akitumaini kushika madaraka kabla habari hazijaenea. Jaribio hilo halikufaulu. Kiti kilikwenda kwa kaka yake, Majid.

Miaka 3 baadaye alijaribu tena. Mwaka 1859 Majid alimzingira nyumbani kwake mjini. Dada zake wawili, Khole na Salme, walikwenda kumtembelea wakiwa na kundi la wanawake, wakamtoa akiwa amejifunika nguo za kike kama mmoja wao. Alikimbilia shamba lililoitwa Marseille, ambako wafuasi wake walikuwa wamejikusanya. Askari wa Majid walisaidiwa na wanamaji wa Kiingereza, na uasi ukazimwa. Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay, India, iliyokuwa chini ya Waingereza.

Bombay, shule isiyo na darasa

Adhabu hiyo ndiyo iliyomfungua macho. Bombay ya wakati huo ilikuwa mojawapo ya miji iliyokuwa ikibadilika kwa kasi zaidi barani Asia. Treni ya kwanza ya abiria nchini India ilikuwa imeanza safari zake kati ya Bombay na Thane mwaka 1853. Viwanda vya nguo vilikuwa vinaanza kusimama. Nyaya za simu ya maandishi zilikuwa zimeunganisha miji mikubwa ya India. Na mwaka 1860, Barghash akiwa bado mjini humo, Bombay ilianza kupata maji ya bomba kutoka ziwa la Vihar, lililotengenezwa na watu.

Barghash hakusomea uhandisi na hakuna mtambo aliouvumbua mwenyewe. Alichokuwa nacho ni jicho la mtu anayeona kitu kikifanya kazi mahali fulani na kujiuliza kwa nini kisifanye kazi kwao. Aliporudi Zanzibar mwaka 1861 alikaa kimya kwa miaka 9, bila kugombana tena na kaka yake. Majid alipofariki Oktoba 1870, Barghash akawa Sultani.

Aliikuta nchi katika hali ngumu. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu ya watu Zanzibar, baada ya kufuata njia za misafara na vyombo vya baharini. Kisha, Aprili 1872, kimbunga kikali kiliipiga Unguja. Kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho na kuzamisha meli za Sultani zilizokuwa bandarini. Pemba, ambayo haikuathiriwa sana, ndiyo iliyobeba uchumi wa karafuu baada ya hapo.

Mwaka uliofuata lilikuja pigo la tatu, ingawa hilo lilikuwa la haki. Waingereza, wakiongozwa na balozi wao John Kirk, walimlazimisha kwa tishio la kuizingira Zanzibar kwa manowari. Juni 1873 alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Mahali pa soko hilo Waanglikana walijenga kanisa kuu ambalo bado lipo Mji Mkongwe.

Safari ya Uingereza

Mwaka 1875 Barghash alifunga safari ya kwenda Uingereza akiwa mgeni wa serikali ya nchi hiyo. Alipokelewa na Malkia Victoria katika kasri la Windsor. Lakini ratiba yake haikuwa ya karamu peke yake. Alipelekwa Birmingham, Manchester na Liverpool, miji iliyokuwa kitovu cha viwanda duniani, akaona chuma kikiyeyushwa, nguo zikifumwa kwa mashine na bandari zikishughulikia mizigo kwa nguvu ya mvuke. Akarudi kwa kupitia Paris na Misri, ambako Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa miaka 6 tu kabla.

Habari za safari hiyo ziliandikwa kwa Kiarabu na Zahir bin Said, aliyefuatana naye, na kitabu kikachapishwa London mwaka 1879. Ni mojawapo ya maandiko ya mwanzo yanayoielezea Ulaya ya viwanda kwa macho ya watu waliotoka Afrika Mashariki.

Aliporudi nyumbani, kazi ilianza.

Maji kwanza

Kati ya yote aliyofanya, kilichogusa maisha ya watu wengi zaidi ni maji. Mji wa Zanzibar ulikuwa ukitegemea visima vilivyochimbwa karibu na nyumba na vyoo, hali iliyosaidia kipindupindu kusambaa. Barghash aliagiza mfereji na mabomba yajengwe kutoka kwenye chemchemi ya eneo la Bububu, kaskazini mwa mji, hadi mitaa ya Mji Mkongwe. Maji yalisafiri kilomita kadhaa kabla ya kufika mjini, na wakazi waliyachota bila kulipa.

Kanuni iliyotumika ni ile ile ambayo fundi yeyote wa maji katika milima inayoutazama uwanda wa Ruzizi anaijua. Chanzo kikiwa juu kuliko mahali pa kutumia, uzito wa maji yenyewe unatosha kuyasukuma. Hakuna mashine inayohitajika ikiwa njia imepimwa vizuri na bomba halivuji. Ugumu upo katika upimaji, katika kuzuia uvujaji na katika kuutunza mfereji mwaka baada ya mwaka.

Uvira, mji unaojulikana kwa miaka mingi kwa kipindupindu kisichoisha, unaielewa thamani ya kazi kama hiyo kuliko maneno yanavyoweza kueleza. Karibu miaka 150 iliyopita, mtawala wa Zanzibar aliona kwamba mji unaokunywa maji machafu hauwezi kusitawi, na akaanzia hapo.

Treni ya nyumbu na injini ya mvuke

Reli ya Barghash ilianza kujengwa mwaka 1879. Ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 11, kutoka jumba lake la mjini hadi Chukwani, kusini mwa mji, alikokuwa na jumba la mapumziko kando ya bahari. Mwanzoni haikuwa na injini. Mabehewa mawili ya kifahari yalikokotwa na nyumbu juu ya reli.

Mwaka 1881 aliagiza injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Ilikuwa na magurudumu 4 tu na ilibeba maji yake yenyewe bila behewa la ziada. Injini za namna hiyo zilitumika zaidi katika migodi na viwanda, ambako njia ni fupi na kona ni nyingi. Kwa safari ya kilomita 11 ilifaa.

Ni vyema kupima jambo hilo kwa kulinganisha. Reli ya kwanza ya Kongo, ya kutoka Matadi hadi Léopoldville, ilikamilika mwaka 1898. Reli ya kati ya Tanganyika iliyofika Kigoma, ng'ambo ya ziwa, ilikamilika mwaka 1914. Treni ya Barghash ilitangulia zote mbili. Hata hivyo ilitofautiana nazo kwa jambo moja kubwa: haikubeba karafuu, haikubeba abiria wa kawaida, wala haikuunganisha shamba na soko. Ilimbeba Sultani na watu wake.

Jumba la Maajabu

Mwaka 1883 lilikamilika jengo lililobeba jina lake hadi leo. Beit al-Ajaib lilikuwa la sherehe na mapokezi, si la kulala, na lilikuwa refu kuliko jengo lolote lililokuwapo Zanzibar. Kuta zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, kama nyumba nyingine za Mji Mkongwe. Jipya lilikuwa chuma. Nguzo nyembamba za chuma cha kalibu zilishikilia baraza pana pande zote, ghorofa juu ya ghorofa, kwa namna ambayo mawe na boriti za mikoko peke yake visingeweza. Milango yake mikubwa ilinakshiwa na mafundi seremala kwa ustadi wa pwani.

Jengo hilo linakumbukwa kuwa la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme. Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, ikumbukwe kwamba Thomas Edison alifanikiwa kutengeneza balbu inayodumu mwaka 1879, na kituo chake cha kuuzia umeme jijini New York kilianza kazi Septemba 1882. Barghash hakungoja kizazi kizima ili teknolojia hiyo imfikie.

Mbele ya jumba kulisimama mnara wenye saa na taa, uliosaidia vyombo vilivyoingia bandarini usiku. Mitaani ziliwekwa taa. Mtambo wa barafu ulitoa kitu ambacho wakazi wengi wa kisiwa chenye joto hawakuwahi kukishika mkononi.

Kuhusu mawasiliano, mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari na kampuni ya Kiingereza, ukaiunganisha Zanzibar na Aden na hivyo na dunia nzima. Ujumbe uliohitaji wiki kadhaa kwa meli ukaanza kufika siku hiyo hiyo.

Karibu na wakati huo Barghash alianzisha kiwanda cha uchapishaji kilichotoa vitabu vya Kiarabu, vingi vikiwa vya elimu ya dini ya madhehebu ya Ibadhi. Kati ya vilivyochapishwa hapo ni juzuu za Qamus al-Sharia, kazi kubwa ya sheria ambayo awali ilinakiliwa kwa mkono. Kwa wanazuoni wa Oman na Afrika Mashariki, mashine hiyo ilikuwa na faida kuliko treni.

Si kila alichonunua kilifaa. Baada ya kupoteza meli zake katika kimbunga, aliagiza merikebu ya kifahari iliyoitwa Glasgow, iliyotengenezwa Scotland katika kiwanda cha Denny na kukamilika mwaka 1878. Iliigizwa kwa mfano wa manowari ya Kiingereza yenye jina hilo hilo. Ilipofika, Sultani hakuvutiwa nayo sana, na kwa miaka mingi ilikaa imetia nanga mbele ya jumba. Meli zake nyingine za mvuke zilikuwa na kazi zaidi, zikisafirisha mizigo kati ya Zanzibar na Bombay.

Nani alilipa?

Mitambo yote hiyo iligharimu fedha nyingi, na fedha zilitoka katika ushuru wa forodha, karafuu na pembe za ndovu. Karafuu zilichumwa na watumwa. Pembe zilitoka bara, na kadiri ndovu wa karibu na pwani walivyomalizwa ndivyo misafara ilivyozidi kuingia ndani, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema.

Uvira ilikuwa katika mtandao huo tangu mapema. Richard Burton na John Speke walipofika mwaka 1858 walikuta tayari ni kituo cha mwisho cha kaskazini kwa wafanyabiashara wa pwani, mahali pa kununua pembe na watumwa. Mwaka 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walipanda mtumbwi hadi ncha ya ziwa na kuthibitisha kwamba Ruzizi unaingia Tanganyika, hautoki. Kufikia miaka ya 1880, mfanyabiashara Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alikuwa na nguvu kubwa katika mwambao huo kuanzia Ujiji hadi Uvira. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Ujiji.

Kwa wakazi wa mwambao, hiyo haikuwa habari ya maajabu. Vijiji vilivamiwa, watu wakafungwa minyororo, na wengi hawakuiona pwani kwa sababu walikufa njiani. Mkataba wa 1873 ulifunga soko la Zanzibar, na mwaka 1876 Barghash alitoa amri za kuzuia misafara ya watumwa nchi kavu. Lakini uwindaji wa watu bara uliendelea, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897, miaka 9 baada ya kifo chake.

Kwa hiyo taa zilizowaka katika Beit al-Ajaib zina pande mbili. Upande mmoja ni mtawala wa Kiafrika na Kiarabu aliyekataa kuamini kwamba mashine ni mali ya Ulaya peke yake. Upande wa pili ni watu wa Manyema, Uvira na kwingineko ambao jasho na damu yao vilisaidia kuzilipia, na ambao hawakuonja hata tone la maji ya bomba lake.

Ufalme uliokatwa vipande

Wakati Barghash akijenga, wengine walikuwa wakichora ramani. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters aliingia bara kwa siri na kuwatia saini machifu mikataba wasiyoielewa. Februari 1885, mara tu baada ya Mkutano wa Berlin, serikali ya Ujerumani ilitangaza kuyalinda maeneo hayo. Barghash alilalamika kuwa nchi hizo ni zake. Agosti mwaka huo huo manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, mizinga ikielekezwa kwenye majengo aliyoyajenga. Waingereza, aliowategemea, walimshauri akubali.

Upande wa magharibi, Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa ametambuliwa kuwa mmiliki wa Dola Huru ya Kongo. Barghash alikuwa ametumaini kwamba Tippu Tip, mfanyabiashara maarufu wa Manyema, angeishika nchi hiyo kwa niaba ya Zanzibar. Hakuwa na jeshi wala fedha za kumsaidia. Februari 1887, hapo hapo Zanzibar, Tippu Tip alitia saini mkataba na Stanley na kuwa gavana wa Leopold huko Stanley Falls, Kisangani ya leo. Rumaliza aliendelea kupigana hadi aliposhindwa na majeshi ya Leopold mwaka 1894.

Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba eneo la Sultani ni visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu. Mtu aliyekuwa na treni, umeme na simu ya maandishi alipata habari za kukatwa kwa ufalme wake kwa haraka kuliko mtawala yeyote wa Afrika Mashariki aliyemtangulia, lakini haraka hiyo haikumsaidia kuuzuia.

Afya yake ilikuwa imeshaharibika. Mapema mwaka 1888 alisafiri kwenda Oman kutafuta nafuu katika chemchemi za maji ya moto. Hakupona. Alirudi Zanzibar na kufariki Machi 1888, muda mfupi baada ya kufika, akiwa na umri wa takriban miaka 50.

Kilichobaki

Reli ya Chukwani haikuishi baada yake. Mwaka huo huo wa 1888 njia iling'olewa na injini ikauzwa kama chuma chakavu. Hakukuwa na mtu aliyeihitaji, kwa kuwa ilijengwa kwa ajili ya mtu mmoja. Merikebu Glasgow ilizamishwa na Waingereza Agosti 1896 katika vita vilivyodumu chini ya saa moja. Mnara wa saa uliharibiwa siku hiyo hiyo, na saa ikahamishiwa katika mnara mpya uliojengwa kwenye jumba lenyewe. Beit al-Ajaib liliponea. Lilikuwa baadaye ofisi za wakoloni, kisha likatumiwa na chama tawala baada ya Mapinduzi ya 1964, kisha makumbusho. Desemba 25, 2020, sehemu yake kubwa iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu 2 wakapoteza maisha.

Maji yaliishi zaidi. Watawala waliofuata waliuendeleza mfumo huo kwa sababu mji mzima uliutegemea. Kitu kinachotumiwa na wengi hupata wa kukitetea kinapoharibika.

Lakini urithi wake uliodumu kuliko yote haukuwa mtambo. Barghash anatajwa katika historia ya muziki wa pwani kuwa ndiye aliyevutiwa na vikundi vya ala vya Misri, akamtuma kijana wa Zanzibar aitwaye Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni, ala yenye nyuzi nyingi. Kijana huyo alirudi na kuwafundisha wenzake. Kutoka hapo ukakua muziki wa taarabu, ambao leo unapigwa katika Afrika Mashariki nzima bila kuhitaji Sultani.

Tofauti kati ya treni na taarabu ndiyo inayompa Barghash maana kwa fundi wa leo. Injini ya Bagnall ilinunuliwa ikiwa kamili, na alipokufa mwenyewe ikawa chuma chakavu. Kwa taarabu alimtuma mtu kujifunza, na mtu huyo alirudi na ujuzi ambao ungeweza kurithishwa.

Sange ya leo iko kando ya mto ambao mabwawa yake ya juu, karibu na Bukavu, yanazalisha umeme wa nchi 3, ingawa nyaya hazijafika katika kila nyumba ya uwanda huo. Mitambo ya jua, pampu za maji na simu vinaingia kwa wingi vikiwa vimeshatengenezwa, kama ile injini ya 1881. Vitakavyodumu ni vile ambavyo kuna kijana hapa hapa anayejua kuvifungua, kuona kilichoungua ndani na kuvirudisha katika kazi, kisha akamwonyesha mwingine.